Habari za Habib Saleh wa Lamu, Mwalimu Aliyewaingilia Wanafunzi kwa Mlango wa Wanachokipenda

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba nyoyo na kuzitofautisha mapendo yake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, mbora wa walimu, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad:

Iringa ilipojengwa boma na Wajerumani katika miaka ya 1890, na Mbeya ilipokua baada ya dhahabu ya Lupa kuvuta watu katika miaka ya 1920 na 1930, Waislamu wengi wa pwani walipanda nchi hizo za juu kwa biashara na kwa kazi, na pamoja nao wakapanda walimu wa Kurani. Mwalimu afunguaye chuo katika milima ile yenye baridi hukutwa na jambo zito. Mtoto huletwa na babake, akaketishwa mkekani, akapewa ubao. Lakini mwili wake uko chuoni, na moyo wake uko malishoni kwa ng'ombe, au uko kwenye ngoma za mavuno, au uko kwenye mpira. Akipigwa, hutoroka. Akiachwa, hasomi. Na mtoto aliyetoroka chuo mara moja kwa hofu, huenda asirudi tena umri wake wote, na wanawe baada yake wasijue hata Alhamdu. Basi mwalimu afanye nini?

Swali hili si geni. Lilipata kuulizwa Lamu zamani, na mtu mmoja akalijibu, si kwa kitabu alichokiandika, bali kwa maisha aliyoishi. Mtu huyo ni Sayyid Saleh bin Alawi bin Abdallah Jamalullail, ambaye watu wa Lamu na pwani yote humwita Habib Saleh. Katika kurasa hizi zimekusanywa habari zake kwa mukhtasari, ili mwenye kufunza apate la kushika.

KUZALIWA KWAKE NA NASABA YAKE

Habib Saleh alizaliwa katika kisiwa cha Ngazija, mji wa Singani, katikati ya karne ya 19. Ukoo wake ni wa masharifu wa Jamalullail, ambao ni tawi moja la Ba Alawi wa Hadhramaut. Watu wa ukoo huu walihama kwao kale. Baadhi yao wakakaa Pate, na baadhi wakavuka mpaka Ngazija, wakaoa huko na kuzaa, wakawa ni watu wa pwani hii kwa lugha na kwa desturi, na nasaba yao wakaihifadhi.

Akiwa kijana alisafiri kwenda Lamu, ambako alikuwako ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah Jamalullail, mwanachuoni. Akasoma kwake, na akasoma pia kwa Sayyid Abubakar bin Abdurrahman al-Husseiny, aliyejulikana kwa jina la Sayyid Mansab, ambaye alikuwa bahari ya ilimu na mshairi mkubwa wa Kiswahili. Kadhalika alijifunza tiba, yaani dawa za miti na mizizi pamoja na dua, na tiba hii ikaja kumfaa sana katika kazi yake ya ualimu, kama itakavyoelezwa.

Hata alipokwisha kusoma, hakurudi kwao. Lamu ikawa ndiyo nyumba yake, akaoa na kuzaa huko, na huko ndiko lilipo kaburi lake.

MJI WA LAMU ULIVYOKUWA

Mwenye kutaka kuijua thamani ya kazi ya Habib Saleh, kwanza na aijue hali ya mji alioingia. Lamu katika zama hizo ilikuwa na pande mbili. Upande wa kaskazini ni Mkomani, penye majumba ya mawe ya waungwana, na misikiti ya zamani, na darasa za wanavyuoni. Upande wa kusini ni Langoni, na pembeni mwake zilikuwapo nyumba za miti na makuti zilizojengwa mchangani, wakikaa humo watumwa na walioachwa huru, na Wangazija, na Washihiri masikini waliokuja na majahazi kutafuta riziki, na watu wengine wasiokuwa na jina mjini.

Ilimu ya dini ilikuwa ikirithiwa kama mali. Mtoto wa nyumba kubwa alisoma kwa babake na kwa ami zake, na vitabu vilikuwa vyao. Ama mtumwa, alifunzwa kutawadha na kusali na kufunga, na hapo ndipo ulipokuwa mpaka wake. Kwamba mtoto wa mtumwa aketi mbele ya kitabu cha fiqhi au cha nahau, jambo hilo halikuwa likiingia akilini mwa watu wengi. Na waliokuwa wakilitaka walikuwa wakiona haya kulisema. Utumwa katika pwani ya Kenya haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1907, na hata baada ya sheria kuandikwa, desturi ilibaki katika vichwa vya watu.

Basi wale wa makutini, walipofungiwa mlango wa ilimu, walikuwa na kitu kimoja kilicho chao, nacho ni goma. Jioni walipomaliza kazi za mashamba na za bandarini, walikusanyika wakapiga ngoma na kuimba. Mojawapo ya ngoma zao iliitwa uta. Watoto wao walizijua nyimbo hizo kabla ya kujua kuhesabu. Waungwana walizitazama ngoma hizo kwa dharau, na wanavyuoni wakaziona kuwa ni upuuzi unaomsahaulisha mtu Mola wake.

ALIVYOWAENDEA

Habib Saleh alikuwa ni sharifu, na ni mwanachuoni, na kwa mambo mawili hayo angaliweza kukaa Mkomani na wakubwa, akaheshimiwa na kupewa zawadi. Yeye alichagua Langoni. Akakaa na watu wa makutini, akawaamkia njiani, akaingia nyumba zao. Mtu akiugua, huitwa Habib Saleh. Naye huja usiku au mchana na dawa zake, akamtazama mgonjwa. Kwa tiba hiyo akawajua watu kwa majina yao, akajua shida zao, akajua wana wao wanapenda nini na wanaogopa nini. Mwalimu wa namna hii, kabla hajamfunza mtoto herufi moja, mtoto amekwisha kumwona akimponya mamake. Na mtoto hamwogopi aliyemponya mamake.

Kisha akaja katika habari ya goma. Mbele ya mwalimu palikuwa na njia mbili ambazo watu walizizoea. Njia ya kwanza ni kukataza: kumwambia kijana kwamba ngoma ni haramu, na asipoiacha hana nafasi darasani. Mwisho wa njia hii unajulikana: kijana huiacha darasa, hubaki na ngoma. Njia ya pili ni kunyamaza: kumwacha kijana na mambo yake, kwa kuwa si mtoto wa mtu na hakuna atakayeuliza. Mwisho wa njia hii nao unajulikana.

Habib Saleh hakushika njia ya kwanza wala ya pili. Aliitazama ile goma kwa jicho la mwalimu. Na mwenye kuitazama kwa jicho hilo huona mambo ambayo mwenye dharau hayaoni. Huona kwamba kijana anayeambiwa kuwa ni mzito wa akili amehifadhi nyimbo nyingi wala hakosei neno. Basi hifadhi anayo. Huona kwamba yule anayeambiwa kuwa hana adabu anajua wakati wa kuanza na wakati wa kunyamaza, anamsikiliza kiongozi, na anajibu pamoja na wenzake. Basi adabu anayo. Huona kwamba yule anayeambiwa kuwa ni mvivu amesimama usiku kucha. Basi bidii anayo. Kilichokosekana si akili wala adabu wala bidii. Kilichokosekana ni mtu wa kuvielekeza vitu hivyo kibla.

Basi akawaachia sauti zao, akawageuzia maneno. Katika mwendo ule ule walioupenda, akawawekea maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsifu Mtume wake. Wakaimba, kwa kuwa sauti ni yao. Na walipokuwa wakiimba, ulimi ukazoea majina matukufu, na sikio likazoea sira ya Mtume. Kutoka hapo wakataka kujua maana ya wanayoyasema; na mtu aliyeuliza maana amekwisha kuwa mwanafunzi.

MAULIDI NA MATARI

Katika siku hizo huko Seiyun, katika bonde la Hadhramaut, alikuwako mwanachuoni mashuhuri, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyezaliwa mwaka 1259 wa Hijra na kufa mwaka 1333, sawa na mwaka 1915. Yeye alijenga huko msikiti unaoitwa Riyadh na nyumba ya wanafunzi, na akatunga maulidi yanayoitwa Simtud Durar. Habib Saleh alifungamana naye kwa mapenzi makubwa, na maulidi hayo yakashika Lamu, yakisomwa pamoja na matari na kaswida.

Kabla ya hapo, katika miji ya pwani Maulidi ya Barazanji ndiyo yaliyokuwa yakijulikana zaidi, yakisomwa kwa Kiarabu, na mtu asiyejua Kiarabu akakaa kimya akingoja kumalizika. Katika Maulidi ya Habib Saleh masikini wa Langoni hakuja kutazama. Alikuja na tari yake mkononi, akakaa safu moja na sharifu, na mikono yake iliyodharauliwa ikawa na kazi katika kumtukuza Mtume. Jambo hili kwa mtu wa leo huenda likaonekana dogo. Kwa mtoto wa mtumwa wa zama zile halikuwa dogo hata kidogo.

LAWAMA ZILIZOMFIKA

Wala haikosi mwenye kutenda jambo jipya kulaumiwa. Lamu iliingia maneno mengi. Walisema watu kwamba Sayyid ameingiza ngoma msikitini. Na wengine wakasema kwamba ameishusha daraja ya ilimu kwa kuwafunza wasiostahili. Lawama hizi mbili zisichanganywe, kwa kuwa moja ni ya fiqhi na moja ni ya kiburi.

Ama ile ya fiqhi, waliyoisema walikuwa na haki ya kusema, na miongoni mwao walikuwako watu wa ilimu na taqwa. Msikiti ni mahali pa sala na utulivu, na kumshawishi mwenye kusali kwa makelele haifai. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, tari si kama ala nyingine. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba tari inajuzu katika arusi na tohara, na kwamba inajuzu pia katika furaha nyinginezo kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hata ikiwa na njuga. Na iliyoharimishwa ni ile ngoma inayoitwa kuba, iliyo nyembamba katikati. Na imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mahabushi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume siku ya Idi, naye Mtume akamsitiri Bibi Aisha ili apate kuwatazama mpaka akashiba. Basi Habib Saleh hakutoka nje ya madhehebu yake, ijapokuwa wengine katika wanavyuoni waliona kuwa kuacha ni bora, na hitilafu hiyo haijamalizika mpaka leo.

Ama lawama ya pili, hiyo haina dalili. Bilali alikuwa mtumwa, naye ndiye aliyepewa adhana. Na walinganiaji wa ilimu katika zama za tabiina walikuwa wengi miongoni mwao ni watu walioachwa huru, kama Ataa bin Abi Rabah, mufti wa Maka, ambaye alikuwa mtu mweusi, na watu wakubwa wakija kukaa mbele yake. Habib Saleh hakujibizana na waliomlaumu kwa ukali. Aliendelea kufunza.

RIYADHA

Mwanzo alifunza nyumbani. Wanafunzi walipozidi, pakahitajika mahali, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ukasimama msikiti na chuo kule Langoni, ukaitwa Riyadha kwa kufuata jina la ule wa Seiyun. Hapo ndipo ilipotimia hila yake njema. Kwani mtu aweza kusema kwamba ngoma huleta watu, lakini ngoma haifunzi udhu. Ni kweli, na Habib Saleh alilijua hilo kuliko waliomlaumu. Tari ilikuwa ni mlango, wala haikuwa ni nyumba. Aliyeingia kwa mlango huo alikuta ndani Kurani na tajwidi, fiqhi ya Shafi, nahau, hadithi na tafsiri, na akasomeshwa kwa mpango, kitabu baada ya kitabu.

Wakatoka Riyadha walimu na maimamu. Wakaja wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika ya Mashariki, wakala na kulala huko, kisha wakarudi makwao na ilimu na matari. Watoto wa watu ambao baba zao hawakuruhusiwa kufungua kitabu, wao wakawafungulia wenzao vitabu.

KUFA KWAKE NA WALIOMFUATA

Habib Saleh alifariki Lamu katikati ya miaka ya 1930, akiwa mzee sana, akazikwa huko. Kazi yake ikashikwa na wanawe na wajukuu, wa kwanza wao mwanawe Sayyid Ahmad Badawi. Kila mwaka katika Mfungo Sita, watu hukutana Lamu kutoka pwani yote kwa Maulidi, na hulizuru kaburi lake na kumwombea. Katika mkusanyiko huo hupigwa goma pamoja na matari, na mpigaji huenda asijue kwamba katika kupiga kwake ipo historia ya babu zake, waliotolewa makutini wakaketishwa darasani.

MAFUNZO YANAYOPATIKANA

Mwendo huu wa Habib Saleh asili yake ni Sunna. Anas bin Malik alikuwa na ndugu mdogo aitwaye Abu Umair, naye alikuwa na kidege akichezea. Kidege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingia na kumwona katika huzuni hiyo, alimwuliza habari za kidege chake kwa maneno ya upole yenye vina, ili amfurahishe. Mtume wa umma mzima, mwenye kushughulishwa na vita na wajumbe na wahyi, alikijua kidege cha mtoto. Mwanachuoni wa Kishafi, Ibnul Qass wa Tabaristan, aliyekufa mwaka 335 wa Hijra, aliandika risala juu ya hadithi hiyo moja, akatoa ndani yake faida zipatazo sitini. Mwalimu asiyejua mwanafunzi wake anapenda nini, na aisome hadithi hiyo tena.

Kwa hiyo mwalimu aliyeko Iringa au Mbeya asidhani kwamba habari za Lamu ni za watu wa bahari tu. Mtoto wa Kihehe au wa Kisangu aliyelelewa na mifugo, moyo wake ukiwa kwa ng'ombe, mlango wake ni ng'ombe. Na aulizwe ng'ombe wa kwao ni wangapi, na nani mkubwa, na nani ndama. Atasema mengi, hata yule aliyekuwa kimya mwezi mzima. Kisha aambiwe kwamba Mwenyezi Mungu ameweka haki katika mifugo wanaochunga malishoni: wakifika thelathini na mwaka ukatimia, hutolewa ndama mmoja aliyetimiza mwaka, wakifika arubaini, hutolewa mtamba aliyetimiza miaka miwili, na mbuzi au kondoo wakifika arubaini, hutolewa mmoja. Mtoto huyo atalihifadhi fungu la zaka mbele ya watoto wa mjini, kwa kuwa kila hesabu ataiona ikitembea machoni pake. Na jioni akirudi zizini atawahesabu ng'ombe wa babake, na huenda baba mwenyewe akajua kwa kinywa cha mwanawe haki ambayo hakuwa akiijua.

Na yule apendaye nyimbo, apewe kaswida na aongoze wenzake. Na yule apendaye kuchora, apewe kalamu ya mwanzi na wino, afunzwe khati, aandike Bismillahi kwa mkono wake mzuri na itundikwe chuoni. Na yule apendaye mpira, apangiwe saa ya kucheza baada ya Alasiri, mwalimu akiwa karibu, na adhana ya Magharibi iwakute wote pamoja.

Lakini yapasa kushika mipaka mitatu. Wa kwanza, si kila kipendwacho ni halali; kilicho haramu hakigeuki kuwa njia. Wa pili, mlango usigeuzwe nyumba. Mwalimu aliyekaa na matari tu, asifike kwenye kitabu, amewachezesha watoto wala hakuwafunza. Wa tatu, asijifanye kupenda asichokipenda. Watoto huutambua uongo wa mtu mzima upesi sana. Habib Saleh alifaulu kwa kuwa aliwapenda watu wa Langoni kweli. Na lau angalikuwa amewaendea kwa hila tupu, wangalichukua nyimbo na kumwacha yeye.

Bakora humfikisha mtoto chuoni, lakini haimfikishi mbali zaidi ya mlangoni. Aliyekaa Langoni, akawatibu wagonjwa, akazisikiliza nyimbo za watu wasiosikilizwa, yeye amefikisha watu mpaka ndani.

Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Saleh bin Alawi, na walimu wote waliotangulia, na awape walio hai katika pwani na katika bara subira na busara ya kuwafunza watoto wa Waislamu. Amin.

Wallahu aalamu bissawab.